Siku ya Tatu Haijaisha

Teofil Zarnescu alikuwa amechoshwa na watu wenye adabu. Wasio na adabu aliwamudu. Miaka arobaini ya siasa ilikuwa imemfundisha kwamba matusi yana mwisho: mtu hukutukana, akaishiwa na pumzi, akaenda zake nyumbani kula. Adabu haina mwisho. Adabu hukuletea kahawa, hukuuliza hali ya mkeo, hukupokea kofia na fimbo, na jambo lililokuleta likabaki pale pale, kama jabali katikati ya njia ambalo kila apitaye huliamkia na kulizunguka.

Alikuwa ameketi katika ukumbi wa kungojea wa Ikulu. Alipoingia, theluji ilikuwa ikianguka nje ya dirisha. Alipomaliza kikombe cha kwanza cha kahawa, theluji ilikuwa imeyeyuka. Alipomaliza cha pili, miti ya barabarani ilikuwa imechanua, na kufikia cha tatu majani yake yalikuwa yamekuwa manjano na yameanza kupukutika. Hakushangaa. Katika jengo lile saa zote zilikuwa za Mfalme, na Mfalme alizitumia kama mtu atumiavyo maji ya mtoni.

Mamlaka ni nini? alijiuliza, na swali hilo lilimkera kwa sababu alikuwa amelijibu mara nyingi bungeni, kwa sauti nzuri, akipigiwa makofi. Amesema mamlaka ni ridhaa ya watu. Amesema mamlaka ni amana. Na sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja, kiongozi wa Chama cha Waliberali, waziri mara tisa, matako yakimuuma kwa kukalia kiti cha dhahabu kisicho na mto, aliona kwamba alikuwa amesema upuuzi. Mamlaka ni uwezo wa kumfanya mwenzio angoje. Basi. Hakuna zaidi.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ina mto mpana kusini, milima kaskazini, ngano katikati, na majirani wanaoitazama kama paka anavyomtazama samaki. Ilitoka katika Vita Vikuu imeongezeka ukubwa maradufu na akili nusu, kama Zarnescu mwenyewe alivyopenda kusema alipokuwa bado anapenda kusema mambo.

Mlango ukafunguliwa. Mfalme alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameitanua, na fundi cherehani akimzunguka na pini mdomoni. Alikuwa akishonewa sare mpya, nyeupe, yenye kola ndefu.

"Karibu, Zarnescu. Usinichekeshe tu, nimejaa pini."

"Sina cha kukuchekesha, Mtukufu."

"Ndiyo maana nakupenda. Nataka uwe Waziri Mkuu."

"Nimekwisha kuwa. Mara mbili."

"Basi njia unaijua. Bunge nalifunga. Vyama navivunja, na chako kimo, uniwie radhi. Magazeti yatapumzika kidogo. Watu wakiyasikia haya kwangu watapata wasiwasi. Wakiyasikia kwako watarudi kulala. Ndevu zako zinaaminika."

"Katiba hairuhusu, Mtukufu."

"Hairuhusu hata kidogo," alikubali Mfalme kwa furaha. "Ila kuna Kifungu cha Siku Tatu." Akafumba macho, akakisoma kwa moyo kama mtoto anayesoma sala. "'Nchi ikiingia hatarini, Serikali yaweza kusimamisha haki za raia kwa muda wa siku tatu. Siku ya tatu itakwisha Serikali itakapotangaza kuwa imekwisha.' Maneno matamu. Mafupi. Nani aliyaandika?"

Fundi cherehani akaacha kazi yake, akamgeukia Zarnescu, pini zikimng'aa midomoni.

"Mimi," alisema Zarnescu.

"Wewe! Nami sikuongeza hata herufi. Nenda kafikiri. Uniletee jibu kabla sijavaa suruali."

*

Aliyaandika, ndiyo. Miaka ishirini iliyopita, alipokuwa Waziri wa Sheria mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja na ndevu nyeusi. Mwaka huo huo mkono wake ulikuwa umeandika Katiba: ardhi kwa mkulima, kura kwa kila mtu mzima, gazeti kwa kila mwenye neno la kusema. Wino wa Katiba haujakauka vizuri, wafanyakazi wa reli wakagoma. Ngano ikaanza kuoza kwenye mabehewa. Mawaziri walikutana hotelini wakila, na wote wakamtazama yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuandika. Akageuza karatasi ya orodha ya vyakula, akaandika nyuma yake mistari miwili. Siku tatu. Nani anaweza kulalamika kwa ajili ya siku tatu? Mtu hupata mafua kwa siku tatu.

Mgomo ulikwisha siku ya pili. Siku ya tatu haikuwahi kutangazwa kwamba imekwisha. Mwanzoni walisahau. Baadaye ukaja uchaguzi, na haikuwa busara. Kisha mavuno. Kisha mazishi ya Mfalme mzee. Kisha vijana wenye mashati ya bluu wakaanza kuandamana na mienge, na ikaonekana afadhali kifungu kiwepo, kije kuwazuia hao. Kila serikali ilikikuta kwenye droo, ikakitazama, ikafunga droo. Tatu kati ya serikali hizo zilikuwa na Zarnescu ndani yake. Mbili aliziongoza mwenyewe.

Lakini nilikuwa na nia njema. Nia njema! Kaburi la nchi hii lichongwe maneno hayo, na chini yake jina langu, na tarehe, kama kuna mtu bado anajua tarehe.

Alipofika nyumbani, mkewe, Smaranda, alikuwa jikoni akikoroga jemu ya cheri. Baba yake Smaranda alikuwa mwenye mashamba makubwa, na Katiba ya mumewe ndiyo iliyoyagawa mashamba hayo kwa wakulima. Tangu siku hiyo mwanamke huyu aliona ana haki ya kumwambia mumewe chochote.

"Umekubali?" aliuliza.

"Nimekataa. Yaani, sijakubali. Nimwambie nini mtu aliyesimama juu ya kigoda? Anatumia maneno yangu, Smaranda! Maneno yangu mwenyewe, kayakariri! Hii ni fedheha. Nitaandika makala."

"Itachapishwa wapi?"

Akayakumbuka magazeti yatakayopumzika.

"Na Vichentie je?" aliuliza Smaranda.

"Vichentie gani?"

Smaranda aliuondoa mwiko kwenye sufuria, akausimamisha hewani. Jemu ikadondoka sakafuni naye hakuijali. "Usinitie hasira, Teofil. Vichentie Dobre. Mpanga herufi. Aliyepanga Katiba yako yote kwa mkono wake, herufi moja moja, na ulipompelekea ile karatasi yako ya hotelini akakataa kuipanga. Akakuambia sentensi ya pili haina mwisho. Wakamchukua kwa siku tatu. Alikuwa mtu wa kwanza."

"Lakini aliachiliwa."

"Nani kakwambia?"

Alifikiri. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameamini tu, kama mtu anavyoamini kwamba taa aliyoiacha nyuma yake mtu mwingine ataizima.

"Binti yake huja hapa," alisema Smaranda. "Ilinca. Kila mwaka huja kukuomba, na kila mwaka makatibu wako humpa kahawa na kumwambia una kikao. Nami humpa jemu. Miaka ishirini nampa jemu, Teofil. Nimechoka kumpa jemu."

*

Gereza la Siku Tatu lilikuwa nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Zarnescu alikwenda kwa miguu, akitumaini kwamba mwendo ungempunguzia hasira, lakini ulimwongezea. Langoni alipokewa na mkuu wa gereza, Kapteni Sava, mtu mwenye upara na pumu, aliyempigia saluti huku akikohoa.

"Karibu, Mheshimiwa. Kabla hujaingia nikueleze, maana wageni hushtuka. Humu ndani ni siku ya tatu. Saa nane mchana. Imekuwa saa nane mchana tangu nilipokuwa na nywele."

"Unasema nini, Kapteni?"

"Nasema sheria ni sheria. Siku haijatangazwa kuisha, basi haijaisha. Kwao, lakini. Mimi hurudi nyumbani jioni, kwa hiyo mimi nazeeka." Akashusha sauti, na uchungu wa miaka ukamtoka. "Hebu fikiria, Mheshimiwa. Nilianza kazi hapa nikiwa kijana kuliko wao wote. Walikuwa wakiniita 'mdogo wetu'. Sasa nina wajukuu, na bado nawachunga vijana walewale, na ndevu zao hazijaongezeka hata unywele. Ni kazi ya kumkasirisha mtu."

Kwenye chumba cha wageni kulikuwa na wavu wa chuma. Upande wa huku aliketi mwanamke wa miaka ishirini na minane, mwenye mikono ya mshonaji, akipitisha mkate kwenye tundu la wavu. Upande wa pili aliketi mwanamume wa miaka thelathini, mwembamba, vidole vyeusi kwa wino. Asiyejua angedhani ni kaka na dada.

"Kula na ganda," alikuwa akisema mwanamke. "Kila siku unaacha ganda."

"Sili ganda, Ilinca. Usinifokee."

Mwanamume akainua macho, akamwona Zarnescu, akamkazia macho kwa muda. Kisha akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni baba yake Waziri Zarnescu? Umefanana naye sana. Tafadhali mwambie mwanao ile sentensi ya pili bado haina mwisho. Nilimwambia juzi. Sikuwa na nia ya kumdharau. Akiweka tarehe tu, naipanga kwa nusu saa, kila mtu aende zake."

Zarnescu alishika wavu. Juzi, alisema. Ilinca alikuwa amemgeukia, naye alimjua vizuri yule mzee ni nani. Uso wake ukakazika kama uzi.

"Mimi ndiye Zarnescu," alisema.

Vichentie Dobre akamtazama ndevu, akamtazama mikono yenye madoa, akamtazama fimbo. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kuudhika, kama fundi aliyekuta mashine yake imechezewa.

"Loo," alisema. "Wamekufanya nini?"

Zarnescu alianza kuzungumza haraka. Alisema yote yalikuwa makosa. Alisema anaweza kumwombea msamaha wa Mfalme leo hii, kwa maandishi, wenye mhuri.

"Msamaha wa nini?" alifoka Vichentie. "Nimehukumiwa? Nani kanihukumu? Niliambiwa ningoje siku tatu. Mimi nangoja. Wewe maliza siku! Ndiyo kazi yako, bwana, mimi yangu ni herufi."

"Kuna jambo jingine, Mheshimiwa," alisema Kapteni Sava kutoka mlangoni. "Mwaka wa saba tulimtoa mmoja kumpeleka hospitali. Alipovuka kizingiti, miaka yote saba ilimwangukia pamoja. Wote walimwona. Tangu hapo hawana haraka sana."

Zarnescu akamgeukia mpanga herufi. Kwa nukta moja, na nukta hiyo aliionea haya hadi mwisho wa maisha yake, alimwonea wivu. Ngozi ile. Meno yale. "Na bado unataka kutoka?" aliuliza.

Vichentie alikaa chini. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Huyu alikuja mara ya kwanza kashikwa mkono na mama yake. Alikuwa na miaka minane. Tulipoagana alikuwa analia. Nilipogeuka kumwangalia tena alikuwa na matiti. Mara nyingine alikuja kavaa nguo nyeusi, akaniambia mama amefariki. Saa nane mchana. Nilikula naye kifungua kinywa asubuhi ya juzi, bwana, nami naambiwa amekwisha kuoza. Siwezi hata kumlilia. Machozi yanahitaji jioni. Yanahitaji kesho yake, mtu uamke ukute kitanda kitupu. Mimi sina kesho yake." Akachukua ganda la mkate, akalitazama, akaliweka chini. "Miaka miwili tena binti yangu ananilingana. Mitatu, ananipita. Unaniuliza kama nataka kutoka?"

*

Akakubali uwaziri mkuu. Alirudi Ikulu siku ileile, akamkuta Mfalme amevaa suruali, akala kiapo. Smaranda alipoambiwa alitaka kumrushia sufuria, hadi alipomweleza kwa nini. Ndipo akampigia pasi koti lake la sherehe, lile lenye mikia miwili nyuma, na kulipiga brashi kwa nguvu kana kwamba ni zulia.

Asubuhi iliyofuata, tendo lake la kwanza lilikuwa kuandika karatasi moja: *Serikali inatangaza kwamba siku ya tatu imekwisha.* Akaweka sahihi. Alihisi wepesi, kama mtu aliyetapika. Kisha akaipeleka yeye mwenyewe kwa mhariri wa Gazeti la Serikali, Bwana Leontin Craciu, mwanachama mwenzake wa miaka mingi, ambaye alisimama, akamkumbatia, akamwagizia kahawa.

"Hongera, Mheshimiwa! Tendo la kishujaa. Nimeguswa sana."

"Lichapishwe leo."

"Haiwezekani, kwa masikitiko makubwa. Kanuni zilizotungwa baadaye zinakataza kuchapishwa kwa lolote linalohusu Kifungu, hadi siku ya tatu iishe."

"Lakini hili ndilo tangazo la kuisha!"

"Naam. Likishachapishwa tu, nitakuwa na ruhusa ya kulichapisha."

Zarnescu alimtazama ili aone kama anatania. Leontin hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa na unyevu wa huruma ya kweli.

"Leontin. Mimi ni Waziri Mkuu."

"Na hakuna aliye bora zaidi. Sukari?"

Kuna hasira inayopiga kelele, na kuna hasira inayonyamaza kwa sababu imegundua kwamba chumba hakina masikio. Zarnescu alitoka ofisini mle bila kofia. Alitembea barabarani, watu wakimwamkia, naye akizungumza peke yake. Nani ananizuia? Hakuna. Hakuna mtu hata mmoja katika nchi hii aliyesema hapana. Wote wamesema ndiyo, ndiyo, naam, kwa masikitiko. Nikitafuta adui wa kumkaba koo namkuta rafiki ananiulizia sukari. Nani alijenga nyumba hii isiyo na mlango? Wewe. Ulikuwa na njaa siku ile, uliandika haraka, supu ilikuwa inapoa.

Akasimama ghafla katikati ya njia, na farasi wa kigari kimoja nusura amkanyage. Supu ilikuwa inapoa. Aliandika haraka. Mtu anayeandika haraka huacha matundu. Akakirudia kifungu polepole, neno kwa neno, kama hakimu asiyemjua mwandishi. *Itakapotangaza.* Kifungu hakikusema kuchapisha. Hakikusema gazetini. Kutangaza ni kutangaza. Hata muuza samaki hutangaza.

*

Alifika gerezani akihema. Kapteni Sava alimfungulia lango kubwa, kwa kuwa mlango mdogo haukufaa kwa cheo chake. Na pale, badala ya kuingia, Waziri Mkuu alikunja mikia ya koti lake na kuketi chini juu ya kizingiti, mgongo kwenye mwimo mmoja wa lango na miguu ameinyoosha kuelekea wa pili.

"Mheshimiwa, umeanguka?"

"Nimekaa. Kanuni za gereza zinasema lango lifungweje?"

"Lifungwe mara moja, Mheshimiwa. Isipokuwa..." Kapteni akakohoa kwa muda mrefu. "Isipokuwa likizuiwa na kiungo cha mwili wa waziri."

"Vizuri." Akavuta pumzi. Wafungwa arobaini walikuwa wamesimama uani katika jua lao la saa nane, vijana wote, wakimtazama. Mbele ya lango, upande wa nje, alikuwapo Ilinca na kapu lake. Zarnescu alikuwa amehutubia mabunge, majeshi na wafalme watatu, na sauti yake haikuwahi kutetemeka. Sasa ilitetemeka. "Serikali inatangaza kwamba siku ya tatu imekwisha!"

Wafungwa wakamgeukia Kapteni.

"Halimo gazetini," alisema Kapteni kwa unyonge.

"Kifungu hakitaji gazeti. Kisome. Unacho ukutani."

Kapteni alikwenda, akakisoma. Alikisoma mara tatu, kidole kikifuata maneno. "Itabidi nipige simu Ikulu," alisema, na aliposema hivyo alimwangalia Zarnescu kwa namna ya ajabu. Kisha akaenda ofisini kwake kwa mwendo wa polepole sana, polepole kuliko hata pumu yake ilivyohitaji.

Vichentie Dobre alikuwa wa kwanza kusogea. Alifika kizingitini, akasimama mbele ya miguu ya mzee.

"Ulikuwa umebakiza nukta," alisema. "Sasa umeiweka. Si ulikuwa mstari mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Basi." Na akavuka.

Hapakuwa na radi wala moshi. Miaka ilimshukia kama gunia linavyomshukia mchukuzi: magoti yakakunjika kidogo, mabega yakajikaza, nywele zikaingia jivu kutoka masikioni kwenda juu. Shavu likazama mahali ambapo jino lilikuwa limetoka. Alisimama upande wa pili, mtu wa miaka hamsini, akitazama mikono yake. Kisha uso ukamvunjika. Alikuwa amefikiwa na jioni, na kesho yake, na miaka kumi na minne ya asubuhi ambazo mkewe hakuwa kitandani, zote kwa mara moja, akamlilia palepale barabarani, kwa sauti, akimwita kwa jina lake. Ilinca aliweka kapu chini, akamshika asianguke. Alimwacha alie. Naye alikuwa amemlilia mama yake peke yake muda mrefu mno.

Baadaye kidogo Vichentie alijifuta pua kwa mkono. "Viatu vinanibana," alisema.

"Miguu imetanuka, baba. Tutavilegeza kamba."

"Na goti hili. Hivi ndivyo lilivyo siku zote?"

"Sijui. Pengine ni baridi."

"Baridi gani? Hakuna baridi. Na huo mkate, mbona umeuacha juani?"

Walikwenda zao wakishikana, na Zarnescu aliwasikia wakibishana hadi kona ya kiwanda cha matofali.

Kapteni Sava alirudi. "Nimepata Ikulu, Mheshimiwa. Mfalme alicheka, kisha hakucheka. Umeachishwa kazi. Askari wanakuja na gari." Akatazama buti zake. "Kwa hiyo kanuni ya kiungo cha waziri haipo tena. Miguu, tafadhali."

"Nisaidie kusimama, basi. Mimi ni mzee. Nipe muda."

"Muda gani?"

"Ule wa mzee kusimama."

Kapteni alifikiri. "Huo haujaandikwa popote," alisema, akaenda kusimama ukutani, akawageuzia mgongo.

Lakini uani hakuna aliyesogea. Walikuwa wameona. Walikuwa wameona nywele, na jino, na yale machozi, na sasa walisimama katika mchana wao usio na jioni, vijana thelathini na tisa, wakitazama kizingiti kama watu wanaotazama mto usiojulikana kina. Vumbi la gari likaonekana mbali barabarani. Zarnescu alihisi hasira yake yote ya siku hizo, ya ukumbi wa kungojea na sukari ya Leontin, ikimpanda.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Lango liko wazi! Mnangoja nini?"

Na aliposikia swali hilo likitoka katika kinywa chake, yeye aliyewangojesha, kwa hao, alifunga mdomo. Uso ulimwaka moto. Kisha akaondoa miguu njiani, akajibana kwenye mwimo, akanyoosha mkono wake wenye madoa kuelekea uani.

"Poleni," alisema. Hakulisema kwa sauti ya bungeni. "Poleni sana. Njooni, nitawashika."

Mmoja akaja. Alikuwa mfanyakazi wa reli, bado amevaa kofia yake ya kazi, na alipovuka Zarnescu alimshika kiwiko miaka ilipomwangukia. Kisha wa pili. Wa tatu alirudi nyuma, akafikiri, akaja tena. Kila mmoja alimlemea mkononi kwa uzito wake wote, kisha akajitegemea, akaenda. Walikuwa wamefika kumi na mmoja, pamoja na Vichentie, askari waliposhuka kwenye gari na kumwinua mzee kwapani na kumbeba, naye hakupigana nao, na lango likafungwa kwa wale ishirini na tisa waliokuwa bado wanafikiri.

Zarnescu na mkewe walipelekwa kuishi kijijini, chini ya ulinzi, katika nyumba yenye miti ya cheri, na hakushika cheo tena maisha yake yote. Smaranda alimuuliza mara moja tu kama ilistahili, ishirini na tisa kubaki ndani. Alimjibu kwamba hajui. Alijua tu alichokiona kutoka dirishani mwa gari la askari lilipowapita njiani: wanaume wakielekea mjini mmoja mmoja, katika mwanga ambao hatimaye ulikuwa umeanza kushuka, wakitembea kwa tahadhari, kila mtu akijifunza magoti yake.